Kifua cha Mke Mwenzangu

Jumatatu, tarehe 3

Muuguzi wa zahanati, yule niliyempa jina la Bi Miwani kwa sababu ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na bado anaitafuta, amesema tuandike. Kila mtoto akikohoa tuandike saa ngapi, alikuwa anafanya nini, na hewa ikoje. Mama yake, mke wa mwanangu, akaninyooshea kidole akasema, "Mama ndiye anayeshinda naye." Basi kalamu nimepewa mimi. Nina madaftari mawili: la zahanati, la vikohozi na sababu zake, na hili langu la mengine yote. Shule sikwenda hata siku moja. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, watoto wangu wakinichungulia dirishani na kucheka. Naandika polepole, lakini ninachoandika kinasomeka, si kama cha daktari.

Mtoto ni mjukuu wangu, miaka mitatu na miezi miwili. Jina la karatasini analo, ila hapa nyumbani ni Kidomo, maana alianza kusema kabla ya kutembea na hajanyamaza tangu hapo. Mimi namwita mke mwenzangu. Yeye ananiita bibi, na nikimnyima kitu ananiita kizee. Tunakaa na mama yake, anayepiga pasi kwa dobi mkubwa, na baba yake, mwanangu wa kuzaa, muashi, anayerudi mwisho wa mwezi akiwa mweupe wa saruji.

Leo kakohoa alfajiri, kakohoa alipokimbia, kakohoa alipocheka. Hewa kavu, upepo.

Jumanne, tarehe 4

Mara tatu usingizini. Mara moja akimfokea paka. Upepo.

Jumatano, tarehe 5

Magunia ya sufi yamefika, manane. Msimu umeanza. Sufi ya mwaka huu imekauka vizuri, ukiifumbata inarudi yenyewe kama inakudharau. Kuna mwenye nyumba ya wageni anataka mito sitini kabla ya mvua. Sitini! Miaka thelathini nachambua sufi, sijapata oda kama hii kwa mtu mmoja. Jirani yangu mwenye cherehani, Mama Vifungo, anashona foronya. Mimi natoa mbegu, napiga sufi kwa fimbo mpaka ifumuke, najaza, nashindilia, nafunga mdomo wa mto kwa sindano. Nafanyia chumbani kwetu, mimi na Kidomo, mlango na dirisha nimefunga, kwa sababu sufi ikiona upepo haikuagi.

Mke wa mwanangu kapita mlangoni kaziba pua na mdomo kwa kitambaa, kama mtu anayepita jalalani. Kila msimu hivyo hivyo. Kazi iliyomlea mumewe, yeye inamnukia. Nimemeza, kwa leo.

Kidomo mara saba. Nadhani ni maziwa.

Alhamisi, tarehe 6

Nimemkatisha maziwa. Mara tisa.

Ijumaa, tarehe 7

Maziwa nimemrudishia, paka nimemfukuza. Kidomo kalia kuliko alivyolia kuachishwa ziwa. Kakohoa kwa kilio, sijui kama hiyo nayo inahesabiwa.

Jumapili, tarehe 9

Leo nikamvaa mama yake. Nikamwambia, "Hayo manukato unayojipulizia ndiyo yanayomkaba mtoto."

Akasema, "Mama, sijipulizii kitu. Tangu niolewe na mwanao umewahi kunisikia nanukia?"

Nikafikiri. Kweli, sijawahi. Mwanamke mzima, kijana, hana hata chupa moja ya marashi. Nikasema, "Basi ni sabuni." Lazima mtu amalize alichoanza.

Mito kumi na mmoja imekamilika.

Jumanne, tarehe 11

Tumekwenda kwa daktari, sote watatu. Kijana mdogo, sauti ya chini, mikono safi. Kamsikiliza Kidomo mbele na nyuma, na Kidomo akamsimulia habari za paka tangu mwanzo mpaka mwisho. Kifua kikawa kinapiga miluzi katikati ya maneno.

Daktari akasema, "Huenda ni pumu. Huenda siyo. Kuna mashine ya kupuliza inayotupa jibu, lakini mtoto wa miaka mitatu hawezi kuipuliza sawasawa. Na watoto wengi wa umri huu wanapiga miluzi wakishikwa na mafua, kisha wanakua na inaisha. Wengine haiishi."

Nikamwambia, "Daktari, nimekuja na goti langu hili bovu nije kusikia 'huenda'?"

"Ndilo jibu la kweli nililonalo, mama."

Nilitaka kukasirika, lakini mtu akikuambia kweli huna pa kumshika.

Akauliza kama kuna mwenye pumu kwenye ukoo. Hakumaliza hata swali, nikamjibu, "Kwetu hakuna. Kwetu watu wanakufa kwa uzee na kwa ubishi. Pumu ni ya watu wa vifua vyepesi, mimi nisingeiruhusu ivuke kizingiti." Akamgeukia mke wa mwanangu. Yeye akatazama sakafu.

"Hakuna," akasema.

Tumepewa pampu mbili. Moja ya kila siku, asubuhi na jioni, hiyo atampa mama yake. Nyingine ya dharura, kifua kikibana, hiyo ni yangu mimi ninayeshinda naye. Pampu haiwekwi mdomoni hivi hivi. Inachomekwa kwenye chupa kubwa ya plastiki yenye kinyago laini, mtoto anavutia humo. Bi Miwani kanifundisha: tikisa, bana kinyago puani na mdomoni, bonyeza mara moja, hesabu pumzi kumi, ngoja, rudia. Nikamwitikia kila neno. Kuitikia hakuna gharama.

Jumatano, tarehe 12

Mama Vifungo kaleta foronya ishirini, kaiona ile chupa mezani. Akashika kiuno.

"Wamekupa hiyo? Shoga yangu, usithubutu. Ukimzoesha pampu, mapafu yanakuwa kama mtoto wa tajiri, hayainuki mpaka yatumikiwe."

"Daktari kasema haizoeshi."

"Daktari atalala na mtoto, au wewe?"

Nimeiweka ya dharura juu ya kabati, nyuma ya birika. Nikiihitaji najua ilipo. Wakubwa ndio wanaovuta pampu, wazee waliovuta sigara miaka arobaini. Si mtoto mwenye meno ya maziwa.

Ijumaa, tarehe 14

Kalala vibaya. Nikaona kichwa chake kiko chini mno, ndiyo maana makohozi yanarudi. Nimemtengenezea mto wake mwenyewe, mnene, sufi ya daraja la kwanza, nimeichambua mara mbili isibaki mbegu hata moja. Akaukumbatia, akauita mwanawe.

Jumamosi, tarehe 15

Kalala vibaya zaidi.

Jumapili, tarehe 16

Nimemwongezea mto wa pili.

Jumatatu, tarehe 17

Mito thelathini na minne. Upepo umechacha, vumbi jekundu nje, kwa hiyo simtoi Kidomo. Anashinda nami chumbani, anacheza na mbegu za sufi, anazipanga mstari anasema ni wanafunzi. Mafua yamemwanza. Mara kumi na tano, kisha nikaacha kuhesabu.

Alhamisi, tarehe 20

Naandika jioni, hospitali kubwa, kwenye benchi. Nitaandika yote, hata lile la aibu.

Mchana baada ya chakula kifua kilianza. Si miluzi tena, ni kama msumeno kwenye ubao mkavu. Nikaitazama pampu juu ya kabati. Nikaliona birika. Nikajiambia, kwanza mvuke. Kwa mvuke nimelea watoto wanne, haukuniangusha. Nikachemsha maji sufuria tele, nikakaa naye, tukajifunika blanketi, mimi na yeye na sufuria.

Mwanzo alilalamika. "Bibi moto. Bibi nitoe. Kizee!" Nikamwambia vuta, mke mwenzangu, vuta. Kisha akaacha kulalamika, nikafikiri dawa inaingia. Jasho lilikuwa linanitiririka machoni, sikuwa naona kitu.

Kilichonishtua ni kimya. Yule mtoto hajawahi kunyamaza muda wa kumenya kitunguu. Nikafunua blanketi. Mdomo wazi, macho yananitazama, na chini ya mbavu nyama inaingia ndani, inaingia ndani, kama mtu anainyonya kutoka upande wa pili. Nikamwambia, "Sema kitu." Akajaribu. Lilitoka nusu neno.

Hapo mlango ukafunguliwa. Mama yake. Kazini walikatikiwa umeme, wakaachiwa mapema. Mimi sijui ningekuwa naandika nini sasa hivi kama umeme ungekuwapo.

Hakupiga kelele. Alisema neno moja, "Iko wapi?" Nikaonyesha kwa kidole. Akapanda kiti, birika likaanguka, akatikisa, akabana, akabonyeza. Akahesabu. Akarudia. Nikaona jambo ambalo sikulielewa: anafanya kama mtu anayefunga kamba za viatu vyake mwenyewe. Ustadi ule haufundishwi siku moja zahanati.

Tukakimbia barabarani, yeye na mtoto mbele, mimi na goti nyuma. Mwenye gari la mizigo akatubeba. Hapa wamempa dawa ya mashine na hewa ya mtungi. Amelala. Mbavu zimetulia. Wamesema atabaki mpaka kesho.

Mama yake hajanitazama.

Ijumaa, tarehe 21

Daktari ni yule yule, kumbe zamu zake nyingine ni hapa. Bi Miwani naye kapita kumwona Kidomo, akakaa kitandani akimsuka upya nywele zilizofumuka. Akachomoa kitu cheupe kwenye nywele, kisha kingine. Akavishika kwenye mwanga wa dirisha.

"Mnafuga bata?"

"Bata wa wapi? Hiyo sufi."

"Sufi ya nini?"

"Yangu. Najaza mito."

"Unajazia wapi?"

"Chumbani."

"Chumba kipi, mama?"

"Tunacholala mimi na yeye."

Akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani. "Na kwenye daftari la zahanati umeniandikia maziwa, paka, sabuni, vumbi la nje, na goti lako. Mbona sufi hukuiandika?"

"Uliniambia niandike anachofanya mtoto. Hukuniambia niandike ninachofanya mimi."

Akalifunga daftari. Sufi nimeishi nayo miaka thelathini. Ni safi, nyeupe, haina harufu, watoto wanazaliwa juu yake. Ningemshuku kila mtu mtaani kabla sijaishuku. Nikaikumbuka mito miwili niliyomwekea chini ya pua.

Daktari alipokuja nikamuuliza mbele ya mama yake, bila kuzunguka, "Mimi ndiye niliyempa?"

"Hapana. Sufi peke yake haimpi mtoto pumu. Lakini kifua chenye hasira za karibu, vumbi lake linakichokoza kila saa. Na mvuke wa moto haukumsaidia. Ungeweza hata kumbabua."

Afadhali angenipiga kofi.

Jumamosi, tarehe 22

Karuhusiwa. Mama yake hakumleta nyumbani. Kasimama mlangoni mwa wodi na mfuko wa nguo.

"Mama, nampeleka kwa dada yangu."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

"Ungenitukana tu, nikasikia."

"Sina nguvu za kukutukana, mama. Ninazo za kumbeba."

Jumapili, tarehe 23

Hakuna wa kumhesabia.

Jumatatu, tarehe 24

Mito arobaini na mmoja, imekaa ukutani kama wageni wasiojua kuondoka. Sijagusa sufi. Nimewasha redio ili kuwe na mtu anaongea.

Jumanne, tarehe 25

Nimekwenda kwa dada wa mke wa mwanangu. Nimeoga mara mbili, nimevaa nguo ya sandukuni isiyojua sufi. Kidomo kanirukia shingoni, kanisimulia hospitali nzima, kitanda kwa kitanda. Kakohoa mara moja tu, ukubwa wa kikohozi cha mwalimu anayetaka watu wanyamaze.

Dada yake ni mama mnene, mcheshi, anayekupa kiti kabla hujabisha hodi. Mke wa mwanangu alikuwa hajarudi kutoka kazini. Tukawa tunamenya viazi. Akasema, "Usijali, mama. Atakua tu. Hata mama yake alikuwa hivi hivi, tena mbaya zaidi. Tulimbeba hospitali mpaka mlinzi akawa anamwita kwa jina. Na leo si huyu hapa, anapiga pasi siku nzima na pampu yake mkobani?"

Kisu kikasimama mkononi mwangu.

Akanitazama. "Mama... si unajua?"

Nikasema, "Najua." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani sikutaka viazi viive na ugomvi.

Njia nzima nimerudi nayo. Miaka mitano yuko ndani ya nyumba yangu. Kile kitambaa puani. Kutokuwa na marashi. Kutoka nje akianza kukohoa, ananiambia anakwenda kuanua nguo, na kamba haina nguo. Mimi namwita mvivu, namwita mwenye maringo, nasema mbele ya majirani, "Huyu hapendi jasho letu." Alikuwa anapumua tu.

Na pale kwa daktari, alipoulizwa, alitazama sakafu kwa sababu mimi nilikuwa nimeshasema pumu isingevuka kizingiti changu. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawasemi aliyemtisha mpaka akayaficha anafanywa nini.

Jumatano, tarehe 26

Nimemngoja nje ya kwa dobi mpaka wakatoka. Wenzake wakamgusa kwa kiwiko, "Mkweo huyo." Akaja kama anayekuja kusomewa hukumu.

Nikamwambia, "Nionyeshe."

"Nini, mama?"

"Iliyo mkobani."

Akafungua mkoba, akaitoa, imefungwa kwenye leso, imechakaa pembeni. Ndogo. Kitu kidogo hivyo, kimefichwa miaka mitano.

Akasema, "Kabla sijaolewa kwako ulimwambia shangazi yangu unataka mke mwenye kifua cha kubeba maji. Nilikuwa mlango wa pili, nikasikia."

"Niliyasema?"

"Uliyasema, mama."

Nikaona nimekwisha. Ningeweza kusema sikukumbuka, na ni kweli sikukumbuka, lakini ndilo jambo baya zaidi: mimi nilisema nikasahau, yeye akabeba.

"Maji ulibeba," nikamwambia. "Umebeba maji, ujauzito, na mdomo wangu. Kwa mwenye kifua kibovu umefanya kazi kunizidi. Nilikukosea. Siyo kidogo." Akaanza kulia pale barabarani, na mimi sikujua pa kuweka mikono, nikamfunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefunguka.

"Kwa daktari nilidanganya," akasema. "Mtoto wangu mwenyewe, nikamdanganyia."

"Ulidanganya kwa woga. Aliyekutia woga ni mimi. Tutakwenda tena, na safari hii nitafunga mdomo."

Akacheka ndani ya machozi. "Utaweza?"

"Nitauma kitambaa."

Alhamisi, tarehe 27

Nimeanza. Vitu vyote nje. Sufi iko mahali ambapo sikuwahi kuwaza: ndani ya viatu, nyuma ya saa, juu kwenye mihimili imeshikana na utando wa buibui kama pazia. Kufagia kunairusha. Nimeipangusa kwa matambara ya maji, ukuta kwa ukuta.

Mama Vifungo kaja kuuliza foronya zake, akanikuta juu ya meza. Kaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamweleza yote, na la birika pia. Akapandisha nguo, akachovya tambara.

"Mimi nilisema ujinga, wewe ukaufuata. Basi tuufute wote wawili."

Ijumaa, tarehe 28

Mihimili. Goti limekataa, nimeliambia litapumzika kaburini.

Jumapili, tarehe 30

Godoro langu na mito yangu yote ya sufi nimeitoa. Nalala juu ya mkeka na nguo zilizokunjwa. Mjaza mito mzima, kichwa juu ya sketi.

Jumatatu, tarehe 31

Mwanangu karudi. Kanikuta nasugua fremu ya dirisha kwa mswaki. Nikamuuliza bila salamu, "Ulijua kuhusu mkeo?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza miaka mitano?"

"Mama, na wewe nakujua."

Nikampa mswaki, amalizie.

Jumanne, tarehe 1, mwezi mpya

Mama Vifungo ana banda nyuma ya nyumba yake, lilikuwa la kuku, kuku waliliwa zamani. Kazi nimeihamishia huko. Nina nguo za banda, zinabaki bandani. Nafunga nywele, nafunga pua. Nikitoka naoga nyuma ya banda kabla ya kurudi kwangu. Mwenye nyumba ya wageni nimemtumia ujumbe kwamba mito itachelewa, asipotaka akatafute mwingine. Kasema atangoja.

Alhamisi, tarehe 3

Nimejifunza chupa. Mke wa mwanangu kanipitisha mara kumi, dada yake akijifanya mtoto, kamkalisha mapajani kwangu na kilo zake zote na kinyago usoni, Kidomo kajigaragaza kwa kicheko mpaka akakohoa kidogo. Kabla ya kulala najirudia mwenyewe. Tikisa, bana, bonyeza, kumi. Nikibonyeza mara sita na hajapata nafuu, hospitali mbio.

Jumatatu, tarehe 7

Kidomo karudi. Kaingia chumbani, kazunguka, kasema, "Bibi, chumba chetu kimenyolewa."

Jumatano, tarehe 9

Kwa daktari. Njiani nilimeza maneno yote. Alipouliza kama kuna jipya, nikatazama bango la meno ukutani. Mdomo uliniwasha kama upele.

Mke wa mwanangu akasema, "Daktari, mimi nina pumu. Tangu utotoni. Siku ile sikusema."

Daktari hakumgombeza. Aliandika tu, akamuuliza na yeye anatibiwa wapi, kifua chake kikoje msimu wa vumbi. Kumbe hajaonwa na mtu miaka mitano, ananunua pampu dukani kwa kujificha. Kaandikiwa tarehe yake mwenyewe. Kisha akatuambia, "Hilo linaongeza uzito. Inaelekea zaidi kuwa pumu, lakini bado siwezi kuapa. Tuendelee na dawa ya kila siku. Akifika miaka sita hivi ataweza kupuliza mashine, tutajua vizuri."

Nikamuuliza ruhusa ya kusema. Akacheka, akanipa.

"Miaka mitatu ya kungoja jibu. Mimi leo nina sitini na tisa. Naomba uandike hapo kwamba siku ya kupuliza bibi atakuwepo."

Akaandika. Nimesoma, kaandika kweli.

Jumatatu, tarehe 14

Mito sitini imekwenda. Paka karudishwa, daktari anasema tumwangalie tu mtoto. Kidomo anamfundisha kuhesabu.

Alhamisi, tarehe 17

Hakukohoa kabisa. Nimeandika polepole ili niiangalie vizuri.

Alhamisi, tarehe 24

Mvua ya kwanza imeshuka saa tisa, kwa kishindo, upepo wa baridi mbele yake na vumbi lote la msimu limeinuliwa. Kidomo alikuwa uani. Daktari kasema acheze, asifanywe yai, basi nilimwacha. Nilipomwingiza alikuwa ameshaanza. Kwanza kikohozi, kisha miluzi, kisha nikaona chini ya mbavu panaanza kuvuta.

Tulikuwa wawili tu. Nilitaka kuogopa, lakini mikono ilikuwa imeshatikisa. Nikamkalisha wima mapajani. "Mke mwenzangu, vuta, mimi nahesabu." Kumi. Nikangoja. Kumi tena. Akanisukuma, nikambana. Ya tatu. Macho yake hayakutoka usoni kwangu na mimi sikuyatoa yangu. Baada ya ya nne akavuta pumzi moja ndefu, ikashuka mpaka chini, na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Kizee, unanibana."

Sijapata kuitwa vizuri hivyo.

Tukakaa hivyo hivyo, mkono wangu mbavuni kwake. Zikatulia. Baadaye kidogo mama yake akafika, kaloa, kakimbia njia nzima kwenye lile vumbi na baridi. Akaiona chupa. Akatupa mkoba.

"Kuna nini?"

"Kulikuwa. Kaa chini. Nimempa nne, nimehesabu, nimengoja. Msikilize mwenyewe."

Akapiga magoti, akaweka sikio kifuani kwa mwanawe. Akasikiliza muda mrefu. Alipoinua kichwa alitaka kuniambia kitu, na kikohozi kikamkata. Kikarudi. Nikasikia miluzi, sasa ni yake. Akainuka, akaokota mkoba, akaelekea mlango wa nyuma, kwenye mvua.

"Unakwenda wapi?"

"Nakuja, mama. Naanua nguo."

"Hakuna nguo kwenye kamba. Rudi ukae hapa."

Akasimama na mkono kwenye kitasa. Kisha akarudi, akakaa sakafuni karibu na miguu yangu, akaitoa kwenye leso. Akaitikisa. Akanitazama mara moja, akavuta, akabana pumzi.

"Moja," nikahesabu.

"Mbili," akadakia Kidomo kutoka mapajani kwangu. "Tano. Kumi!"

"Rudi nyuma wewe," nikamwambia. "Mama yako bado hajamaliza. Mbili. Tatu."